Kabla Hujakariri Visawe vya “Learn”

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi aliniandikia akiniomba nimtumie orodha ya visawe vya neno la Kiingereza “learn”, kwa kuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi hapa Mtwara mjini na amekusudia kuvikariri vyote. Nilimjibu kwamba sitamtumia. Huenda alidhani ninamnyima, kwa hiyo ni haki nimweleze yeye, na ninyi nyote mnaojiandaa kama yeye, jinsi orodha ya namna hiyo ilivyonikosesha kazi niliyoitamani kuliko zote nilizowahi kuomba.

Ilikuwa mwaka 2014, bomba la gesi la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam likiwa linajengwa, na kila kijana aliyejua Kiingereza kidogo aliamini kuwa nafasi yake imekwisha kuandaliwa. Mimi nilikuwa na daftari. Ndani yake niliandika “learn”, nikaweka alama ya kulingana, kisha nikapanga “study”, “read”, “discover”, “master” na mengine mengi, nami nilitembea nalo jioni kutoka Chikongola hadi ufukwe wa Shangani nikiyarudia kwa sauti mpaka yakakaa kichwani.

Nilipoulizwa kuhusu elimu yangu nilijibu, “I read for three years in college”, kwa sababu moyoni nilikuwa nimesema kwa Kiswahili kwamba nilisoma chuo miaka mitatu. Mmoja wa wasaili akaniuliza nilikuwa nasoma kitabu gani kirefu kiasi hicho. Kisha nikataka kueleza kuwa nilipata habari kupitia gazeti kwamba wanahitaji mkalimani, nikasema, “I studied from the newspaper that you need an interpreter”. Wakatazamana, wakacheka. Sikuitwa tena, na kicheko kile bado nakisikia, maana hakikustahili kutolewa mbele ya mtu aliyekuja na shati la kuazima akiwa na nia safi ya kufanya kazi.

Ilinichukua muda kutambua kosa lilikuwa wapi. Kitenzi chetu “kusoma” kimebeba mizigo mitatu, yaani kupitisha macho kwenye maandishi, kuwa mwanafunzi mahali fulani, na kujishughulisha na somo, ilhali Kiingereza huigawa mizigo hiyo. Ni kweli kwamba Mwingereza anaweza kusema “read law” akiwa na maana ya kusomea sheria chuo kikuu, lakini hapo somo lenyewe hutajwa, mimi sikulitaja.

Tofauti ya “study” na “learn” ndiyo iliyonifungua macho zaidi. “Study” limetokana na Kilatini, kutoka kitenzi kilichomaanisha kuwa na bidii au shauku, na hadi leo linaeleza juhudi: mtu hukaa, akadurusu, akachunguza ramani au mkataba. “Learn” linaeleza kilichoingia na kubaki. Ndiyo maana mtu anaweza ku-“study” mwaka mzima asi-“learn” chochote, nasi kwa Kiswahili tungesema amebukua bila kuelewa. Ndiyo maana pia husemwa “learn from a mistake” na “learn to swim”, wala “study” haliwezi kukaa mahali hapo. Mwali anayefundwa na kungwi katika unyago, au mwanagenzi anayemtazama fundi seremala wa Mikindani akiranda mbao, ana-“learn” bila kushika daftari. Na pale unapopata habari fulani, “learn that” au “find out” hutosha. “Master” liache kwa ujuzi ulioumiliki kweli, kwa sababu anayedai ame-“master” Kiingereza atapimwa kwa neno hilo hilo.

Leo ninafanya kazi ya ukalimani na ninafundisha Kiingereza nyumbani jioni, na ninalisema hili kwa fahari kwa kuwa nililipata kwa taabu. Kwa hiyo nisikilizeni. Acheni kukusanya maneno kama mtu anayeokota korosho bila kutazama ipi ni mbovu. Kila neno lichukueni pamoja na maneno yanayoandamana nalo, na liandikeni ndani ya sentensi inayohusu maisha yenu wenyewe, si ndani ya alama ya kulingana. Nasema tena, ndani ya sentensi.

Yule kijana wa Masasi nilimtaka aniandikie sentensi kumi kuhusu alichojifunza na aliyemfunza. Hadi jana alikuwa amenitumia tatu. Ya kwanza na ya tatu tulizirekebisha pamoja kwa simu, lakini ya pili, “I learned to graft cashew trees from my uncle”, nilimwambia aende nayo kwenye usaili kama ilivyo.