Pampu na tangi viambiane nini?

Mteja mwenye kisima bondeni na tangi mlimani karibu kila mara ataniomba kina cha maji kifike kwenye simu yake kila dakika. Mimi humuuliza: pampu yenyewe inahitaji kujua nini? Iwake au izime, basi. Hiyo ni biti moja. SMS ambayo kifaa cha tangini hukitumia kifaa cha pampu hubeba herufi 160 za biti 7, yaani biti 1,120, kwa hiyo ukubwa wa ujumbe si hoja.

Hoja ni ujumbe kupotea. Tangi linatuma "zima", pampu inajibu "nimezima", jibu linapotea. Ukidai jibu la jibu, nalo laweza kupotea. Wataalamu wa kompyuta huliita tatizo la majenerali wawili. Liliandikwa mwaka 1975, na imethibitishwa kihesabu kwamba hata mjibizane mara elfu, pande zote mbili hazitapata hakika kamili. Fundi akikuuzia programu ya kulimaliza, shika pochi yako.

Unachoweza ni kuchagua hasara iangukie wapi. Mimi hupanga kimya kiwe na maana ya kuzima: tangi linaipa pampu ruhusa ya muda, na isipopata nyingine inajizima. Tena usiandike "washa dakika 30", andika "washa mpaka 10:30". SMS huweza kukwama mtandaoni ikaingia saa mbili baadaye. Yenye saa ya mwisho inafika ikiwa imeshakufa. Hakikisha tu saa za vifaa vyote viwili zinalingana.

Ruhusa iwe ndefu kiasi gani? Chukua pampu ya lita 2,400 kwa saa. Kwa ruhusa ya nusu saa, "zima" ikipotea unaweza kumwaga hadi lita 1,200. Kwa dakika tano ni lita 200, lakini SMS zinakuwa mara sita. Panapotumika jenereta mimi hubana muda, maana kila lita inayomwagika imeshalipiwa dizeli.

Na kabla ya kununua laini, tazama bomba. Likienda moja kwa moja tangini bila tawi, linaweza kupeleka hiyo biti lenyewe: boya la kuziba bomba kwenye tangi, swichi ya presha kwenye pampu. Tangi likijaa, boya linaziba, presha inapanda, pampu inazima. Presha ya kuwasha kwenye swichi itegeshwe juu kidogo ya presha ya maji yaliyosimama kwenye bomba la mlimani, takriban bar 1 kwa kila mita 10 za kimo, la sivyo pampu haitawaka tena.