Donati Mwanza: mkuu, anza na pua

Mkuu, umesema umehamia Nyegezi, umeshauziwa donati mbovu mara mbili, na unauliza duka zuri utalijuaje. Jina la duka sikupi, maana mpishi akihama bango linabaki lile lile. Nakupa ninachoangalia mimi.

Pua kwanza. Zamani nikikaa Kirumba nilikuwa nachukua donati kwa jirani mmoja. Umbo safi, sukari imekaa vizuri, ila ukishameza kuna kitu kinakurudia kooni. Jioni moja nikapita mapema kuliko kawaida, nikamkuta anageuza samaki, sato, kwenye karai lile lile! Sato nampenda sana, lakini awe na ugali. Tangu siku ile nasogelea karai kabla sijatoa hela. Mafuta yaliyochoka hayajifichi: meusi, povu halikatiki, moshi unawasha macho.

Halafu angalia kiuno. Donati ya hamira iliyoumuka vizuri ni nyepesi, inaelea juu ya mafuta, kwa hiyo ikigeuzwa pande mbili inabaki na mkanda mweupe katikati kuizunguka. Ukiuona mkanda huo, jua unga ulipewa muda wake. Ikiwa kahawia kote na nzito mkononi, mpishi alikuwa na haraka. Ila zile za baking powder usizihukumu kwa kiuno. Hizo ni ndugu wa half-keki, zinashibisha na kupasuka juu, na kesho yake bado zinalika. Ya hamira ni ya siku hiyo hiyo, ikifika jioni inavutika kama mpira.

Omba kipande cha karatasi, uiweke donati juu yake. Alama kidogo ni kawaida, hiki ni kitu cha kukaangwa. Karatasi ikilowa chapachapa, ujue mafuta hayakupata moto. Yanatakiwa yafike kama nyuzi 180 hivi, chini ya hapo unga unayanywa tu.

Kabati la kioo likiwa na jasho ndani, pita. Zimefungiwa zikiwa bado moto, na sukari ya juu imeshageuka maji. Muulize muuzaji zimetoka saa ngapi. Anayejua kazi atakutajia saa. Akikwambia "zote za leo, kaka", hajakujibu.

Kuchagua sasa: siku ya kwanza chukua ya sukari tupu. Chokoleti na yale marangi ya juu yanaficha mengi, ya sukari haina pa kujificha. Za krimu mimi mchana wa jua sizigusi kama hazikuwa kwenye friji.

Nikienda kupanda kivuko cha Kamanga asubuhi huwa nanunua moja tu, naila pale pale mbele ya muuzaji. Ikinikaa vizuri, ndiyo namwambia afunge nyingine tano za watoto.