Maswali na majibu: kipimajoto cha chupa

Ni chupa iliyojaa maji ya rangi, au maji na spiriti ya duka la dawa, yenye mrija uliosimamishwa shingoni na kuzibwa pembeni kwa plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto). Joto likiongezeka, maji hutanuka na rangi hupanda mrijani.

Maalim, kipimajoto cha mwanangu kimekamilika lakini rangi haipandi mrijani. (Mzazi, Wete)

Kinavuja. Maji yakitanuka hufuata njia nyepesi, na upenyo wa tundu la sindano kando ya mrija unatosha kuyapoteza. Plastisini haishiki penye unyevu: kausha shingo ya chupa kwanza, bandika, kisha dondoshea nta ya mshumaa juu yake.

Spiriti ni lazima? Maji matupu hayafai? (Mwanafunzi, Makunduchi)

Yanafaa, ila ni mazito kupanda. Chukua chupa ya kioo ya mililita 100, ya dawa ya kikohozi, na mrija wenye uwazi wa milimita 5. Joto likiongezeka nyuzi 10, maji hupanda kama sentimita moja na nusu; nusu maji nusu spiriti ya duka la dawa, kama tatu. Jaza mpaka pomoni. Hewa ikibaki ndani hutanuka mara kumi zaidi ya maji na kukuharibia kipimo chote. Juu ya rangi mrijani tia tone la mafuta ya kupikia, spiriti isiruke. Andika SUMU kwenye chupa, kwa sababu rangi nyekundu humvutia mtoto mdogo kama sharubati, na iweke mbali na jiko.

Namba anaziandikaje? (Baba, Jang'ombe)

Hili ndilo swali, na kila msimu wa maonyesho ya skuli chupa zinaletwa bila namba. Chupa isiyo na namba haipimi kitu. Azima kipimajoto cha kweli maabara ya skuli. Zamisha vyote viwili hadi shingoni kwenye ndoo ya maji, tia barafu kidogo kidogo mpaka kile cha kweli kisome 25, subiri dakika 10, piga alama mrijani pale rangi ilipofika. Ongeza maji ya moto mpaka 35, subiri tena, piga alama ya pili. Gawa nafasi ya katikati sehemu 10 sawa. Usijaribu sifuri ya barafu tupu: rangi itashuka karibu sentimita 9, mrija utaishiwa na kuvuta hewa. Na alama apige mtoto mwenyewe. Mzazi akimfanyia, aliyejifunza ni mzazi.

Tuna kipimajoto cha hospitali kilichovunjika. Tutumie zebaki yake? (Chake Chake)

Hapana! Mvuke wake ni sumu hata kwenye joto la chumbani. Msiiguse, msiifagie, fungueni madirisha na watoeni watoto.

Changu kimesoma 46 juani. Kaskazi ya mwaka huu imezidi? (Mkoani)

Umepima chupa iliyochomwa na jua, hukupima hewa. Na namba zako zinaishia 35, kwa hiyo hiyo 46 umeikisia. Kitundike kivulini penye upepo, mita moja na nusu toka chini, mbali na ukuta na bati, usome baada ya nusu saa.