Muulize Anko: Eti Hegel alicheza namba ngapi?

SWALI: Anko shikamoo. Braza yuko Uingereza, juzi kanitumia klipu ya wanafalsafa wanacheza mpira, yeye anacheka mpaka machozi mi nimekodoa macho tu, muda wote hakuna anayegusa mpira! Kinachochekesha ni nini, au mpaka uwe umesoma falsafa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Hao ni Monty Python, wachekeshaji sita walioanza kuonekana BBC mwaka 1969, na hiyo klipu waliirekodi 1972 kule Munich kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani. Falsafa wala huihitaji sana, we jua mpira tu. Hata wao wenyewe hakuna aliyeenda chuo kusomea falsafa, Cleese alisoma sheria, Chapman udaktari.

Sasa icheki tena taratibu. Ni Ujerumani na Ugiriki, golini kuna Leibniz huku na Plato kule, refa Confucius. Filimbi inalia, watu wanauacha mpira palepale kati wanaanza kutembeatembea wameshika kidevu, wanawaza, na mtangazaji wala hashtuki, anatangaza kama fainali ya kweli, na huyo mtangazaji ndo utamu wenyewe, angecheka kidogo tu mchezo ungeharibika. Halafu muone Beckenbauer, mchezaji wa ukweli ni yeye tu uwanjani, kazubaa kama mtu aliyekosea msiba. Nietzsche anaandikwa na refa kwa sababu kamwambia refa hana utashi huru, yaani kosa la kifalsafa, adhabu ya kimpira.

Dakika ya 89 ndo Archimedes anapata wazo, Eureka! (yaani nimepata!), kumbe mpira unapigwa bana, pasi pasi, Socrates anamalizia kwa kichwa. Wajerumani wanamzonga refa, Hegel na hoja zake ndeefu kuhusu uhalisia, Kant anasema lile goli lipo kwenye fikra tu, na Marx aliyeingia sub yeye anadai ni ofsaidi. Mi hapo kwa Marx ndo huwa nakufa kabisa, maana kati ya wote hao ndo pekee anayebishana kama watu wa kijiweni. (Na miaka 10 baadaye Socrates wa kweli, yule wa Brazil, akawa kapteni Kombe la Dunia 1982. Huyo hakusubiri dakika ya 89.)

SWALI: Sasa Anko, nasomea kompyuta, ticha anasema Python tunayoandikia programu haihusiani na nyoka. Anatubeba ama? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hawabebi. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitengeneza ikatoka 1991, wakati huo alikuwa anasoma skripti za haohao Monty Python. Ndo maana kwenye mifano ya kodi za programu unakutana na spam na eggs. Na ile spam ya kwenye imeili, zile meseji kibao usizoziomba, nayo imetoka kwao, skechi ya 1970, mtu na mkewe wako mgahawani, karibu kila chakula kwenye menyu kina Spam, yaani nyama ya kopo, mama hataki, mhudumu anazidi kuitaja, na meza ya pili kuna Waviking wanaimba spam spam spam mpaka watu hawasikilizani. Fungua imeili yako Jumatatu asubuhi utawasikia.

Ila wale nyoka wawili kwenye nembo ya hiyo Python ya kompyuta, hao sasa ndo wanamponza ticha.