Bibi wa Bustani Anajibu: Jiwe la Bugarika na madumu ya Agosti

Swali: Shikamoo Bibi. Tumehamia kwetu Bugarika, mlimani hapa Mwanza. Mbele ya baraza pana uwanja mdogo, na katikati yake limekaa jiwe kubwa ambalo fundi amesema halibomoki. Udongo ni mchanga na changarawe. Bomba linatoka siku mbili kwa wiki. Mume wangu anataka tumwage zege yaishe, mimi nataka maua. Nianzie wapi? Na je, ninunue miche ya waridi niliyoiona inauzwa barabarani? Nina watoto wawili wadogo, na mbuzi wa majirani hawaishi kupita. – Mama wa Bugarika

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa nyumba. Mwambie baba watoto asubiri kidogo na zege lake, maana hilo jiwe ndilo mtaji wenu.

Jiwe halinywi maji. Mvua yote inayoliangukia mgongoni inateremka hadi miguuni pake, kwa hiyo ukanda wa udongo ulio chini yake, upande wa mteremko, unapata mvua yake na ya jiwe pia. Mvua ya milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Jiwe lenye mgongo wa mita 4 za mraba, ikinyesha milimita 10 tu, linakuteremshia lita 40. Hayo ni madumu mawili ambayo hukuyabeba kichwani. Hata sasa wakati wa kiangazi utapatambua: ni pale nyasi zinapochelewa kukauka. Chimba hapo.

Tazama na jua kabla hujashika jembe. Upande wa mashariki wa jiwe unapata jua la asubuhi, halafu unapumzika kivulini. Maua mengi yatakushukuru. Upande wa magharibi ni habari nyingine. Weka kiganja juu ya jiwe saa mbili usiku uone linavyorudisha joto la mchana. Huko panda vitu vigumu tu: mshubiri, na potulaka inayotambaa na kufumbua maua jua likiwaka. Kama una ukuta, kumbuka kwamba sisi tuko nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta na jua linatuhama. Mwezi Juni linapita kaskazini, na ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha karibu mita 1 kusini kwake hata jua likiwa juu kabisa. Desemba kivuli kinageukia upande wa pili. Bustani iliyopimwa Desemba inaweza kukosa jua Juni.

Sasa maji, na hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu ndipo bustani nyingi za Mwanza zinapofia. Watu wanapima bustani mwezi Novemba, mvua inanyesha, kila kitu kinaota, wanalima uwanja mzima. Wewe pima kwa maji ya Agosti. Jiulize: mwezi ambao hakuna mvua na tanki limeshuka, ninaweza kuyapa maua lita ngapi kwa siku bila kugombana na mtu nyumbani? Mita moja ya mraba ya maua kwenye jua letu inataka kama lita 5 kwa siku. Ukiwa na dumu moja la lita 20 la kutoa bila majuto, bustani yako ni mita 4 za mraba, basi: urefu mita 4, upana mita 1, ili ufikie katikati bila kuukanyaga udongo. Maji ya kusuuzia nguo na vyombo yanafaa, mradi hayana dawa ya madoa. Ukienda kuchota ziwani usiingize miguu majini, kichocho bado kipo.

Mchanga wenu haushiki maji, yanapita kama kwenye chekeche. Chimba futi moja kwenda chini, toa changarawe kubwa, changanya karai moja la samadi kwa kila mita ya mraba. Iwe samadi iliyooza, nyeusi, isiyonuka, inayomeguka mkononi. Ile mbichi ya moto itaunguza mizizi. Ukishapanda, tandaza juu pumba za mpunga zenye unene wa vidole vitatu, usigusishe mashina. Mashine za kukoboa zinazo kwa malundo. Zinyunyizie maji siku hiyohiyo, la sivyo upepo wa ziwa utazipeleka kwa jirani.

Waridi liache kwanza. Si kwamba halikubali Mwanza, linakubali, lakini linataka maji, kupogolewa na kuangaliwa majani kila mara. Ukilipenda sana nunua mche mmoja, uweke kwenye ndoo iliyotobolewa chini, karibu na mlango.

Anza na zinia. Unasia mbegu palepale, siku 4 hadi 7 zimechomoza, na baada ya kama miezi miwili una maua mekundu, ya chungwa, ya pinki. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche, na mwagilia chini kwenye udongo, asubuhi. Zinia zilizobanana na kulowa majani jioni hushikwa na ukungu mweupe, kama umenyunyiziwa unga. Maua machache yaache yakauke kwenye shina. Hiyo ndiyo mbegu yako ya mwaka kesho.

Pembeni, njia ya mbuzi, weka vinka, lile ua la petali tano, jeupe au pinki. Ni chungu na lina sumu, mbuzi hulipita. Kutoka kwenye mmea huo ndiko zilikopatikana dawa za saratani vinkristini na vinblastini, lakini hizo husafishwa kiwandani na kupimwa kwa kipimo kidogo sana. Asitokee mtu akakushauri uchemshe majani mnywe, na watoto wafundishe kutotia mdomoni. Zinia zenyewe zizungushie uzio wa matete. Oleanda, kichaka cha maua chenye sumu kali, usipande kabisa kwenye nyumba yenye watoto, na ua la taji la miiba pia subiri wakue: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa.

Chimba na utie samadi Septemba. Mbegu zisubiri mvua za vuli zishike, mwisho wa Oktoba au Novemba, si mvua ya kwanza ya kudanganya. Ukifanya hivyo mizizi itakuwa na vuli na masika yote ya kushuka chini kabla ya kiangazi cha Juni.

Swali: Bibi, gugu maji lina maua mazuri ya zambarau. Naweza kulifuga kwenye beseni hapa Kirumba? – Kijana wa Mwaloni

Jibu: Hapana, mjukuu wangu. Mmea huo wa Amerika Kusini ulisambaa ulikofika kwa sababu watu waliupenda kwa maua yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ziwa letu linahangaika nao, na mitumbwi mnaiona inavyokwama. Kipande kimoja kikitupwa mtaroni, mvua inakirudisha ziwani. Tafuta yungiyungi, ambalo ni la kwetu. Panda kwenye pipa lililokatwa nusu, tope chini, maji juu, mahali penye jua la nusu siku. Tia humo vifaranga viwili vya sato wale viluwiluwi vya mbu, maana kwa joto hili mbu anakamilika kwa kama wiki moja.