Kuku sita nyuma ya nyumba: gharama kubwa ni chakula

Umeuliza kama kuku sita wa mayai watakugharimu sana. Banda utalilipia mara moja. Kinachokula pesa kila siku ni chakula. Kuku mmoja anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo sita watamaliza kilo 20 hivi kwa mwezi. Pigia hesabu hiyo kwanza, kabla hujagusa msumari. Na ukinunua vifaranga, utawalisha miezi mitano hivi bila kuona yai. Mimi ningekushauri uchukue matetea waliokaribia kutaga, hata kama bei yao iko juu.

Banda la mita mbili za mraba, lenye fito za kulalia na viota viwili, linawatosha, mradi mchana watoke nje. Usiwabanie hewa: acha uwazi juu, karibu na paa. Ukiinama ndani asubuhi macho yakawasha kwa harufu ya mkojo, maranda uliyotandaza chini yamelowa, yabadilishe siku hiyohiyo.

Nyavu za kuku zinamzuia kuku tu, kicheche hazimzuii. Nilipoteza watatu usiku mmoja kwa tundu lisilozidi ngumi yangu, na bado inaniuma. Weka waya mgumu wa matundu madogo na uufukie chini kidogo.

Chanjo ya mdondo (kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle) usiiruke. Huna haja ya jogoo, matetea watataga mayai bila yeye.