Meli huzinduliwa mara ngapi?

SWALI: Nasoma historia ya frigeti (aina ya manowari) ya Marekani iitwayo Samuel B. Roberts. Makala moja inasema ilizinduliwa 1984, nyingine 1986, na ya tatu inasema "ilizinduliwa upya" 1989 baada ya "kugongwa na bomu" katika Ghuba ya Uajemi. Nani amekosea? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa upande wa miaka, hakuna aliyekosea. Kilichowaponza ni kitenzi "kuzindua", ambacho siku hizi kinabebeshwa kila kitu, kuanzia kisima cha kijiji hadi albamu ya bongo fleva.

Tarehe 8 Desemba 1984 chombo hicho kilitiwa majini kwa mara ya kwanza kwenye karakana ya Bath Iron Works, jimbo la Maine. Nyinyi watu wa Tanga mna neno la tendo hilo tangu enzi za mababu: kushua. Ngalawa inashuliwa, na frigeti vilevile inashuliwa. "Iliteremshwa majini" si kosa, ila sioni sababu ya kutumia maneno mawili penye moja.

Meli iliyoshuliwa bado haijawa manowari kamili. Mafundi waliendelea kufunga na kujaribu mitambo hadi 12 Aprili 1986, ndipo jeshi la majini likaipokea rasmi. Katika sherehe za namna hiyo Wamarekani hutoa amri ya kuipa meli uhai, na mabaharia waliojipanga gatini hupanda mbio. Tukifuata maana ya zamani ya kuzindua, yaani kumwamsha aliyezimia au aliyepitiwa na usingizi, basi hapo ndipo neno lingekaa vizuri zaidi! Hata hivyo mimi ningeandika "iliingia kazini rasmi", nisimwache msomaji akikisia.

Sasa hilo la "kugongwa". Tarehe 14 Aprili 1988 walinzi wa zamu waliona mabomu matatu yakielea mbele yao. Nahodha Paul Rinn akaamuru meli irudi kinyumenyume kwa njia ileile iliyojia, na katika kurudi huko ikagonga jingine ambalo hakuna aliyeliona. Bomu lile lilikuwa limetegwa na Wairani. Halikufuata meli, meli ndiyo iliyolifuata. Kwa hiyo iligonga bomu, au ililipukiwa na bomu. "Kupigwa" tuwaachie Stark, frigeti nyingine ya Marekani, ambayo Mei 1987 ilipigwa kwa makombora mawili ya ndege ya Iraki na mabaharia 37 wakafa.

Mwandishi wa makala ya tatu, naona kwenye dondoo ulilonitumia, anasema pia mlipuko ule ulivunja "uti wa mgongo wa meli". Picha nzuri, lakini kiungo hicho kina jina: mkuku. Mkuku wa Roberts ulikatika, ubavuni likabaki tundu la kama mita nne na nusu, maji yakafurika chumba cha injini na moto ukawaka juu yake. Mabaharia wakazima moto, wakaziba nyufa, wakaikaza meli kwa kamba za chuma isikatike vipande viwili. Kumi walijeruhiwa, hakuna aliyekufa. Siku nne baadaye Marekani ilijibu kwa kuizamisha frigeti ya Iran, Sahand. Angalia vitenzi: Sahand ilizamishwa, si "ilizama" tu kana kwamba ni ajali ya dhoruba.

Roberts yenyewe ilibebwa juu ya meli nyingine, Mighty Servant 2, hadi kwao. Ilipokamilika matengenezo mwaka 1989 haikuzinduliwa upya; ilirejea kazini. Ukiandika "upya" wengine watadhani ni meli mpya yenye jina lilelile, na kosa hilo lingekuwa rahisi kwa sababu jina hilo lilikwisha kubebwa na manowari mbili kabla yake.

Tarehe 22 Mei 2015, huko Mayport, Florida, iliondolewa kazini. Wanaoandika "ilistaafu" siwasahihishi. Wanaoandika "meli ya USS Samuel B. Roberts" nawasahihisha: USS ni kifupi cha United States Ship, kwa hiyo S ya mwisho tayari ni meli.